Je, Wajua? Herufi ya Sarafu Isikudanganye

• Je, wajua kwamba Mbelgiji Émile Storms alipojenga kituo cha Mpala kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1883, biashara ya ziwani ilikwenda kwa vitambaa na shanga? Sarafu zilizokuja baadaye, nyingi zilibeba herufi ndogo ya kiwanda kilichozifua.

• Je, wajua kwamba kwenye sarafu za koloni la Wajerumani, ng'ambo ya ziwa letu, A ni Berlin, J ni Hamburg na T ni Tabora? T ilitumika mwaka 1916 tu, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia ya bahari. Ukiuziwa sarafu yao ya 1916 yenye A au J, irudishe.

• Je, wajua kwamba rupia 15 za dhahabu zenye tembo zilifuliwa Tabora vipande 16,198 tu? Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo likauteka mji huo.

• Je, wajua kwamba faranga 2 za Kongo za mwaka 1943, zenye pembe sita, zilifuliwa Philadelphia, Marekani, bila herufi ya kiwanda? Ukiikuta herufi, jua imebandikwa.

• Je, wajua kwamba senti 10 za Afrika Mashariki za 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII, ziko za aina tatu: zenye H, zenye KN na zisizo na herufi? Herufi yoyote nyingine ni ya kughushi.

• Je, wajua kwamba senti ya Marekani ya 1909 yenye V.D.B. (vifupisho vya jina la mchoraji wake) ilifuliwa karibu milioni 28 Philadelphia bila herufi ya kiwanda, lakini yenye S ya San Francisco ni 484,000 tu? Ndiyo maana waghushi hubandika S kwenye ile ya kawaida.

• Je, wajua namna ya kuwanasa? Shika kioo kinachokuza mara 10, mulika taa kwa ubavuni. Herufi halali imeota kwenye madini yenyewe. Iliyobandikwa huacha mstari mweusi wa gundi au risasi ya kuchomelea chini yake. Iliyofutwa huacha mikwaruzo na doa linalong'aa kuliko sehemu nyingine. Kisha linganisha umbo na mahali pa herufi na picha ya sarafu halali.

Usiisugue sarafu ya kale, na usilipe kabla ya kuikagua herufi: bei yote inaweza kuwa imekaa hapo.