Mupanga wa jirani: vile shamba ya migomba inafundisha urafiki

Mu vijiji vingi vya Kivu, urafiki unaonekana kwanza mu shamba. Jirani anaazima mupanga, anaomba chipukizi la mugomba, anapewa mbegu ya maharagi, na wakati wa mavuno anatuma mutoto na kikapu cha viazi. Hakuna mwenye kuandika deni. Lakini tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, desturi hii nzuri imekuwa pia njia ya kumaliza shamba ya rafiki.

Mnyauko unaletwa na bakteria. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizipasua unakuta ndani ni kahawia. Ukikata shina, kisha dakika chache unaona maji mazito ya manjano yanatoka. Wadudu wanaubeba toka ua moja hadi lingine. Mkono wa mtu nao unaubeba: mupanga ulikata mugomba mugonjwa asubuhi, mchana ukakata muzima kwa jirani, basi.

Shida kubwa ni haya. Mwenye shamba anaogopa watu watasema amelogwa, ao ni mvivu. Ananyamaza, na jirani akibisha mlangoni anamuazimisha mupanga akitabasamu. Kwa macho ni ukarimu. Kumbe ni jirani atakayekosa ndizi, kasiksi ya kuuza na minervali ya watoto. Mwenye kusema "Ndugu, kwangu kuna ugonjwa, leo sikupe mupanga" anaonekana mchoyo siku moja tu, lakini huyo ndiye rafiki. Ni vilevile kwa mtu mwenye kujua hataweza kulipa likelemba mwezi huu: aseme mapema, asingoje siku ya zamu ya mwenzake.

Na ugonjwa ukishaingia? Zamani wakulima walishauriwa kung'oa kichaka kizima cha mugomba, na machipukizi yake yote. Kazi ilikuwa nzito, hasara kubwa, wengi wakakataa. Baadaye watafiti waliona kwamba bakteria haifikii mashina yote ya kichaka kwa mara moja. Sasa wanashauri kukata shina lenye ugonjwa peke yake, chini kabisa karibu na udongo, mara tu dalili inapoonekana, na kurudia kupitia shamba kwa miezi mingi. Ukiacha katikati, unarudi nyuma.

Kati ya marafiki, wengi bado wako na njia ya zamani. Neno moja baya limesemwa kisimani, ao franka hazikurudishwa, na mtu anang'oa yote: salamu, kutembeleana, hata watoto wanakatazwa kucheza pamoja. Shina lenye ugonjwa lilikuwa moja. Kama ni pesa zinaleta ugomvi, muache kuazimana pesa na muendelee kulima pamoja. Urafiki bila mikopo bado ni urafiki.

Ila mfano huu usisukumwe mbali sana. Kuna shamba ambamo mnyauko umeenea kila mahali, na hapo hata wataalamu wanasema ng'oa yote, panda maharagi ao mahindi kwa miezi 6 hivi mbele ya kurudisha migomba. Mwenye kupigwa, kutishwa ao kuibiwa kila mara na "rafiki" hana shina moja la kukata. Aondoke, na asione haya.

Kwa shamba zingine, kazi ni ya kila siku. Ua la chini la mugomba linavunjwa kwa mti wenye panda, si kwa mupanga, mara tu sehemu ya mwisho ya ndizi ikitokea, juu wadudu wanafuata pale. Na mupanga unapitishwa mu moto mpaka ushindwe kuugusa, ao unaoshwa na javeli, mbele ya kumupa jirani na tena wakati anaurudisha. Jirani mwenye kuuliza "Umeuchoma?" hajatukana mtu.