Nyumba Salama kwa Wazee wa Chawia: Yapi ya Kurekebisha Kwanza

Wazee wengi wa wadi ya Chawia hawataki kuhama. Watoto wao wanafanya kazi Voi, Mombasa na Nairobi na huwaita waende kukaa nao, lakini mzee aliyezaliwa mlimani anataka kuamka kwake, aone shamba lake na amsalimie jirani anayemjua tangu utotoni. Hiyo ni haki yake. Katiba ya Kenya inamtambua mtu wa zaidi ya miaka 60 kuwa mzee katika jamii. Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na hadhi, na ya kupata utunzaji wa kadiri kutoka kwa familia yake na Serikali.

Shida ni kwamba nyumba nyingi zilijengwa wakati mwenyewe alikuwa na nguvu. Kipandio alichokiruka akiwa na miaka 40 humwangusha akiwa na 75. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Anayevunjika nyonga huenda asirudi tena kutembea kama zamani. Mara nyingi anguko moja ndilo linalomtoa mzee kwenye boma lake, ingawa mwenyewe hakutaka kuondoka.

Mengi ya kuzuia hayo si ya gharama kubwa. Yanahitaji macho, siku mbili tatu za kazi, na mpangilio mzuri wa kipi kianze.

Fuata njia ya usiku

Kabla ya kumwita fundi, mtu wa familia afuatane na mzee kutoka kitandani hadi chooni, jioni giza likianza kuingia. Katika maboma mengi ya Chawia choo kiko nje, hatua kadhaa chini au juu ya nyumba, na njia yenyewe ni mteremko. Ukungu unaposhuka kutoka msituni, mawe huota utando wa kijani unaoteleza. Mzee aulizwe ni wapi anaposhika ukuta, wapi anaposimama kupumzika, na wapi alishawahi kuteleza. Anayeijua hatari ya nyumba hiyo kuliko wote ni yeye.

Ndani ya nyumba, ondoa mikeka iliyokunjika, nyaya zinazopita sakafuni na vyombo vilivyowekwa njiani. Ziba mashimo ya sakafu kwa saruji, wala usiilainishe mno. Sakafu iliyopigwa brashi au ufagio kabla haijakauka hushika mguu vizuri zaidi kuliko iliyong'arishwa. Kizingiti kilichoinuka kikatwe, au kipakwe rangi nyeupe kionekane.

Nje, vipandio viwe na kimo kimoja, kisichozidi sentimita 15, na kila kipandio kiwe na upana wa kutosha unyayo mzima, yaani kama sentimita 30. Vipandio vyenye vimo tofauti ndivyo vinavyoangusha, kwa sababu mguu hutarajia kile ulichokizoea. Kila mwanzo wa msimu wa mvua, yasuguliwe mawe kwa brashi ngumu na majivu au mchanga.

Kishikio cha mkono ni bora kuliko mkongojo peke yake. Miti minyofu ya mkaratusi au mgrivelia kutoka shambani inatosha. Nguzo zichimbiwe chini angalau sentimita 60, mti wa kushikilia uwe kwenye kimo cha kiuno, kati ya sentimita 85 na 95, na uwe mwembamba kiasi cha vidole kuuzunguka. Kishikio kianze kabla ya kipandio cha kwanza na kiendelee kidogo baada ya cha mwisho. Kabla mzee hajakitumia, mtu mzima mwenye nguvu akiegemee kwa uzito wake wote. Kikitikisika, kirudiwe. Miti isikatwe katika msitu wa Chawia, kwani huo ni msitu unaolindwa na ndio chanzo cha maji ya walio chini.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mteremko wa saruji hufaa pale tu ardhi inaporuhusu. Kanuni ni hii: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, pawe na sentimita 12 za urefu. Mlango ulioinuka sentimita 15 unahitaji mteremko wa sentimita 180. Mteremko mfupi kuliko huo ni hatari kuliko ngazi.

Choo na bafu

Kuchuchumaa ni kazi ngumu kwa magoti ya mzee. Kiti cha mbao chenye tundu, au kiti cha saruji kilichojengwa juu ya shimo kwa kimo cha kama sentimita 45, humwondolea taabu hiyo. Weka kishikio upande mmoja au yote miwili, kimefungwa ukutani kwa bolti wala si misumari. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani na mzee akaanguka, mwili wake huuzuia mlango na wanaokuja kumwokoa hushindwa kuingia. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje.

Kagua pia sakafu ya choo cha shimo. Mbao zilizooza au zege lenye nyufa halisubiri mwezi ujao. Usiku wa mvua, chombo chenye kifuniko chumbani hakina aibu yoyote, nacho kinamwepushia mzee safari ya hatari zaidi ya siku nzima.

Mwanga, umeme na moto

Taa ndogo ya sola yenye kujiwasha giza linapoingia, ikiwekwa kwenye njia ya choo, ni miongoni mwa matumizi bora ya pesa chache. Tochi ikae mahali pamoja kila siku, mkono unapoifikia kabla mguu haujagusa sakafu.

Penye stima, soketi zilizolegea, nyaya zilizochunika na swichi kwenye ukuta wenye unyevu zirekebishwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi. Waya uliokatika kutoka kwenye nguzo usiguswe. Wapigie Kenya Power kwa nambari 97771.

Jikoni, hatari kubwa ni leso au rinda kushika moto wakati mzee anainama juu ya mafiga. Jiko lililoinuliwa hadi kiunoni humfanya asiiname, na bomba la moshi hulinda macho na kifua chake. Baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya wengine waingize jiko la makaa chumbani. Hilo lisifanyike kamwe kwenye nyumba iliyofungwa. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Afadhali kuziba nyufa za mlango zinazoingiza upepo, kuongeza blanketi, na kumpa chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa.

Paa na ardhi ya nyuma ya nyumba

Kazi ya paa ifanywe kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, na kukaguliwa tena kabla ya zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Misumari iliyolegea ibadilishwe kwa ile yenye mpira, na mabati yenye kutu nyingi yaondolewe. Mzee asipande paani, hata kama yeye ndiye aliyelijenga. Mifereji ya paa ikipeleka maji kwenye tangi karibu na mlango, humpunguzia pia safari ya kuteka maji.

Kwenye miteremko ya Taita, nyumba nyingi zimekaa kwenye uwanja uliochongwa mlimani. Usiendelee kuchimba ukingo wa nyuma ili kupata nafasi. Chimba mtaro juu ya nyumba kuyageuza maji, na uyaelekeze mahali penye nyasi au mkondo, wala si kwa jirani wa chini. Angalia dalili hizi: ufa mpya ardhini, miti au nguzo zinazoanza kuinama, milango ambayo ghafla haifungi, au maji ya matope yanayotokeza mahali pasipokuwa na chemchemi. Ukiona mojawapo wakati wa mvua kubwa, mhamishe mzee siku hiyo hiyo na umjulishe naibu wa chifu. Hapo ukarabati hausaidii.

Nani alipie, nani afanye kazi

Familia isiyo na pesa za kutosha ianze na mambo manne: taa ya njia ya choo, kishikio, kiti cha choo, na mashimo ya sakafu. Mengine yafuate kadiri ya uwezo. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni za mzee mwenyewe, za chakula na dawa, na si haki kuzitegemea kwa ujenzi wote. Ambaye hajasajiliwa aulize ofisi ya chifu ni lini usajili utafanyika, na awe na kitambulisho chake tayari. Mzee mwenye ulemavu aulize pia kuhusu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo hutoa vifaa kama viti vya magurudumu na mikongojo.

Kikundi cha kijiji, kanisa, msikiti au chama cha akina mama kinaweza kumaliza nyumba moja kwa Jumamosi moja. Vijana waliosomea uashi, useremala na umeme katika vyuo vya ufundi vya kaunti wanaweza kuongoza kazi. Na fundi, mwandikiane: kazi gani, vifaa gani, siku ngapi. Asilipwe zote mwanzoni, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kazi kujaribiwa. Mzee asiweke sahihi wala kidole kwenye karatasi ambayo mtu wa familia anayemwamini hajaisoma. Kurekebisha nyumba hakuhitaji hatimiliki ya shamba wala nambari ya siri ya simu.

Njia za umma, taa za barabarani na barabara za wadi ni kazi ya kaunti, na hapo sauti ya wazee inahitajika. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mikutano ya kukusanya maoni hufanyika kabla ya hapo. Wakaazi wanaotaka ngazi na vishikio kwenye njia ya kwenda zahanati waseme wakati huo, kwa maandishi, wakitaja mahali penyewe. Asiyeweza kuteremka mkutanini aandikiwe barua na mjukuu wake.

Akianguka

Usimnyanyue kwa haraka. Muulize anaumwa wapi. Akiwa na maumivu ya nyonga, au mguu mmoja ukionekana mfupi au umegeuka nje, mwache alale, mfunike asipate baridi, na mpelekwe hospitali akiwa amelazwa kwenye kitu kigumu. Simu za dharura ni 999 na 112. Hata akiinuka mwenyewe na kusema hana neno, mhudumu wa afya ya jamii aelezwe, kwani dawa za presha, macho yaliyofifia au njaa huenda ndivyo vilivyomwangusha.

Anayeishi peke yake avae filimbi shingoni, na akubaliane na jirani juu ya ishara ya asubuhi, kwa mfano dirisha kufunguliwa kabla ya saa mbili. Dirisha likibaki limefungwa, jirani apige hodi.