Utando mweupe mdomoni mwa mtoto haukwanguliwi

Mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya familia yetu kurejea Burundi kutoka makazi ya Katumba kule Mpanda, nilijifungua binti yangu wa pili hapa Nyanza-Lac. Alipofikisha miezi miwili alianza kuliachia titi na kulia. Nilipomfungua mdomo nikaona ulimi na mashavu kwa ndani vimejaa weupe kama maziwa yaliyoganda.

Jirani zetu, warejeaji wenzetu wa makazi yale yale, walikuja na kila mtu akawa na dawa yake. Mmoja alisema ni meno ya plastiki, mtoto apelekwe kwa mtaalamu akang'olewe. Mwingine alisema ni kilimi, kikatwe. Mamamkwe wangu, Mungu amweke pema, hakutaka visu. Alichukua kitambaa safi, akakichovya kwenye maji ya magadi, yale tunayolainishia maharage, akamsugua mjukuu wake mpaka weupe ukatoka. Damu nayo ikatoka. Kisha akampaka asali ili kumtuliza. Usiku ule mtoto hakunyonya kabisa, na mimi chuchu zilikuwa zinawaka kama nimepakwa pilipili.

Asubuhi nilikwenda zahanati. Nakiri kwamba nilichelewa kwa woga. Matibabu ya watoto chini ya miaka mitano yalikuwa yamefanywa bure tangu 2006, lakini mimi nilisomea Tanzania, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kule kila karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Mwalimu mzima, naogopa kuonekana sijui kusoma! Muuguzi aliandika neno moja kwenye kadi: muguet. Nilidhani ni ugonjwa mkubwa. Kumbe ndilo jina la Kifaransa la fangasi ya mdomo, na msomaji uliyerejea kama mimi ukiliona kwenye kadi ya mwanao usipoteze usingizi.

Yule muuguzi aliuliza, "Mama, umemkwangua na nini?" Nikamweleza. Hakunigombeza, ila alinifundisha mambo ambayo nimeyarudia kwa wazazi wengi tangu siku hiyo.

Fangasi hii huishi mdomoni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Huzidi pale kinga ya mwili ni changa, kama ya mtoto mchanga, au pale dawa za kuua bakteria zinapowaua na wale wanaoizuia. Hapa nawasema ndugu zangu wafanyabiashara. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa sokoni kwa kuhesabiwa mkononi, mama akivimeza kwa mafua tu, vinaweza kumletea fangasi yeye mwenyewe, na akiwa ananyonyesha, mtoto pia.

Ukitaka kujua kama ni maziwa au ni fangasi, futa taratibu kwa kitambaa laini chenye maji safi yaliyochemshwa. Maziwa hutoka mara moja. Fangasi hung'ang'ania, na ukilazimisha, chini hubaki pekundu na huvuja damu. Ukishajua, acha hapo hapo, usiendelee kusugua.

Magadi ni makali, yanaunguza ngozi laini ya mdomo. Kitunguu saumu ni vivyo hivyo. Asali ndiyo iliyonishtua zaidi. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Wetu aliponea. Mtu mzima akisukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu hupata nafuu ya maumivu, lakini mtoto mchanga hasukutui.

Ile dawa ya zambarau, GV, wengi wetu tulikulia nayo. Zahanati zimeitumia miaka mingi ikiwa imezimuliwa, lakini mwaka 2019 Canada iliwaonya watu wake waiache kwa hofu ya saratani. Basi usijinunulie chupa ukakadiria mwenyewe. Mimi nilipewa nystatin, ya maji, rangi ya njano, matone mdomoni mara nne kwa siku kwa siku saba, baada ya kunyonya. Na mimi nikapakwa kwenye chuchu. Hili ndilo wengi hulisahau: mtoto akitibiwa peke yake, mama humrudishia, naye humrudishia mama.

Nyumbani kazi ipo, tena kubwa, ila ni ya usafi. Vitambaa vya kifuani nilivifua kwa maji ya moto na kuvianika juani. Mikono niliinawa kila baada ya kumbadili nepi. Mama anayevuka Mugina kwenda Manyovu na mzigo wa mawese, akamwachia bibi chupa ya maziwa, aichemshe chupa hiyo pamoja na chuchu yake kila siku. Kikombe kidogo ni bora zaidi, maana huoshwa kirahisi.

Kuna jambo moja lisemwe bila aibu. Utando ukirudi rudi, au ukiendelea baada ya dawa kwisha, au ukimtokea mtu mzima bila sababu, kapimwe virusi vya Ukimwi na sukari. Nawajua wanaume waliosukutua chumvi miezi mingi wakikwepa kipimo hicho, na dawa za kurefusha maisha zilikuwapo zahanati. Na mtoto akikataa kabisa kunyonya, au akipata homa, usisubiri siku ya gulio.

Binti yangu alianza kunyonya vizuri siku ya tatu. Mamamkwe aliutupa mwenyewe mfuko wa magadi, ingawa alinung'unika kwamba maharage sasa yatakula kuni. Mwezi uliopita jirani yule wa meno ya plastiki alibisha hodi na mjukuu mgongoni, akaniuliza, "Mwalimu, ile dawa yenu ya njano bado ipo?" Nikajifunga kanga, tukaenda naye zahanati.