Mtungi Upande Lifti Peke Yake

Ubao wa matangazo wa idara ya fizikia hausomwi. Nasema hivyo nikiwa mtu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiyaandika matangazo yenyewe. Juu kabisa hukaa ratiba ya kusimamia mitihani, chini yake taarifa ya msiba na jina la anayekusanya rambirambi, pembeni semina ya Alhamisi iliyoahirishwa kwa mara ya pili. Kwenye kona iliyobaki, karatasi iliyopauka inasema kwa Kiingereza kwamba wafanyakazi wote wanakumbushwa kutopanda lifti pamoja na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika. Wafanyakazi wote. Kwa nini? Karatasi haisemi.

Siku moja nilikuwa ghorofa ya tatu nikisubiri mtungi huo. Mwenzangu aliuingiza kwenye lifti huko chini, akabonyeza kitufe, akatoka, kama utaratibu unavyotaka. Mlango ulipofunguka niliuona mtungi unafuka moshi mweupe shingoni, na kando yake mama wa usafi na ndoo yake. Alikuwa amepandia ghorofa ya kwanza.

"Shikamoo mama, hebu toka kwanza," nikamwambia, salamu na amri kwa pumzi moja.

Akatoka, akageuka kuutazama. "Kwani unalipuka, Mwalimu?"

Haulipuki. Ungekuwa unalipuka angeuogopa, na mimi nisingekuwa na la kuandika hapa.

Naitrojeni si sumu. Katika kila pumzi tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni na 21 tu ndiyo oksijeni. Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri inageuka kimiminika chepesi, kisicho na rangi, kinachochemka muda wote kama maji ya chai yaliyosahauliwa jikoni. Msomaji mfugaji anaifahamu, hata kama hajawahi kukanyaga maabara. Ule mtungi wa bwana mifugo anayekuja kuhimilisha ng'ombe, ule anaoufungua na kuchomoa mrija wa mbegu kwenye moshi, umejaa kitu hichohicho. Pale Usa River, Arusha, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, mbegu za madume hutunzwa humo. Sisi kwenye fizikia tunaitumia kupoza vihisio na sampuli, na mara mojamoja kugandisha ua la waridi na kulipasua mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao kisha hawakumbuki kingine chochote cha kipindi hicho.

Tatizo ni hesabu. Lita moja ya kimiminika hicho, ikishapata joto la kawaida, inakuwa takriban lita 700 za gesi. Chukua lifti ya kawaida, upana mita moja na nusu kwa moja na nusu, kimo mita mbili na kidogo: ndani yake mna lita 5,000 za hewa. Lita moja ikimwagika humo, oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 18. Mtu atachoka kidogo. Zikimwagika tatu, inafika karibu 13, na hapo akili inaanza kutoa maamuzi ya mlevi. Zikimwagika tano, tunazungumzia asilimia 10 au pungufu, na mtu anaanguka. Mtungi tunaousukuma kwa magurudumu unabeba lita 30 au 50. Ni kweli kwamba lifti si chupa, milango yake ina upenyo. Lakini lifti yetu ina tabia nyingine ambayo kila aliyefanya kazi katika jengo lile anaijua: umeme ukikatika inasimama katikati ya ghorofa, na fundi anakuja akimaliza chakula cha mchana.

Utasema, mtu akianza kukosa hewa si ataona? Hataona. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi unayoipata ukizama majini hailetwi na upungufu wa oksijeni. Inaletwa na hewa ukaa inayojazana kwenye damu. Ndani ya chumba kilichojaa naitrojeni unaendelea kupumua vizuri tu, hewa ukaa inatoka kama kawaida, na mwili haupigi kelele yoyote. Hukohoi, hupaliwi, huhangaiki kutafuta mlango. Katika naitrojeni tupu, pumzi mbili tatu zinatosha kumzimisha mtu mzima mwenye afya. Anayekimbilia kumwinua analala juu yake, kwa sababu gesi baridi ni nzito kuliko hewa ya chumba na hutandaa sakafuni, palepale alipoinamia.

Watu wa Goma wana neno ambalo wanafizikia wangelihitaji: mazuku. Ni mabonde na vishimo karibu na volkano ambamo gesi isiyoonekana hutuama. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Gesi ya mazuku ni hewa ukaa, ambayo ina ukali wake na hukaba, kwa hiyo tofauti na naitrojeni ipo. Kwa jinsi inavyotuama chini na kumsubiri anayeinama, ni ndugu. Wanasayansi wa volkano walilichukua neno hilo hivyohivyo kwa Kiswahili, na sasa liko kwenye majarida yao. Wanakijiji walitangulia kuandika tangazo, kwa neno moja, na kila mtoto analielewa.

Kuhusu kulipuka, mama hakukosea sana. Moshi ule shingoni lazima utoke. Mwenye bidii akiona unavuja akauziba, gesi itakosa pa kwenda, na hapo ndipo mtungi utakuwa bomu. Mwaka 2006, katika chuo kikuu kimoja cha Texas, Marekani, mtungi ambao matundu yake ya kupumulia yalikuwa yamezibwa ulipasuka alfajiri na kuibomoa maabara. Pona yao ilikuwa saa: hapakuwa na mtu ndani.

Tangazo la pili linalodharauliwa ni lile la beji. Kila mwisho wa robo mwaka: wanaofanya kazi na mionzi warudishe beji zao. Na kila robo mwaka beji mbili tatu hazionekani. Moja imefuliwa na suruali, nyingine imesahauliwa kwenye dashibodi ya gari juani, nyingine imening'inizwa kwenye koti ndani ya chumba cha eksirei, ambako imekaa miezi mitatu ikipokea mionzi kwa niaba ya mwenyewe aliyekuwa likizo.

Beji si kadi ya mahudhurio. Ndani yake mna kipande cha fuwele, mara nyingi ya fluoridi ya lithiamu, kidogo kama ukucha. Mionzi inapopita hung'oa elektroni, na baadhi hunaswa kwenye kasoro za fuwele kama samaki kwenye dema. Zinakaa humo kwa miezi. Mtaalamu akiipasha fuwele zaidi ya nyuzi 200, elektroni zinafunguka na kurudi mahali pake, na kila moja ikirudi inatoa mwanga hafifu. Anapima mwanga huo na kujua umepokea kiasi gani. Ndiyo maana dashibodi ni kosa: jua kali huanza kuzifungua elektroni mapema, na kumbukumbu inavuja. Kwetu Tanzania usomaji huo ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kiwango kinachokubalika kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa mwananchi wa kawaida ni moja, juu ya ile anayoipata bure kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, ambayo kwa wastani wa dunia ni kama 2.4. Mfanyakazi mjamzito akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mwananchi: milisiveti moja kwa muda wote uliobaki. Nimeona matangazo yakisema tu "wajawazito watoe taarifa kwa msimamizi," bila sababu, kwa lugha ya kama vile ni kosa la kinidhamu. Binti wa watu anaficha, kwa kuogopa kuondolewa kazini. Sentensi moja ya maelezo ingemwambia kwamba sheria iko upande wake.

Tangazo la kurudisha heliamu nitalipita haraka, maana maabara nyingi za kwetu hazina pa kuliweka. Nilikutana nalo masomoni Ulaya, na nikadhani ni ubahili wa Wazungu: kila mvuke wa heliamu unaotoka kwenye sumaku urudishwe kwenye bomba, usiachwe upepee. Baadaye nikaelewa. Gesi hiyo huzaliwa mwambani kwa mamilioni ya miaka, urani na thori zinapooza taratibu, na ikishatoka hewani ni nyepesi kiasi kwamba hatimaye inaitoroka dunia kabisa. Juni 2017, Qatar ilipofungiwa mipaka na majirani zake, mitambo yake ya heliamu ilisimama kwa muda, na watu wa maabara mabara mengine wakaanza kuhesabu lita. Ziwa Rukwa, ambako watafiti walitangaza mwaka 2016 kwamba ardhi ina heliamu nyingi, lingeweza siku moja kuwa kwenye tangazo la maabara ya Ulaya.

Sasa nifike kwenye tangazo ninaloliona zito kuliko yote: uhakiki wa mwaka wa vyanzo vya mionzi. Wakuu wa maabara wafungue makabati, wahesabu, wasaini. Ni karatasi ya kuchosha. Umuhimu wake uliandikwa Goiânia, Brazili. Kliniki ya tiba ya mionzi ilihama na kuacha mashine kwenye jengo tupu. Septemba 1987 vijana wawili wa kuokota vyuma chakavu waliichukua, wakaivunja, wakaiuza. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu 137 unaong'aa samawati gizani. Mwenye yadi ya chuma chakavu aliupenda, akaugawa kwa ndugu na marafiki kama zawadi. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka sita. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa mwanafizikia. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Sisi tunaoandika matangazo tunayaandikia wenzetu, ambao tayari wanajua, na tunaacha mlinzi, dereva, mhudumu na muuza chuma chakavu wabahatishe. Hata ile alama ya mionzi, mapanga matatu meusi kwenye manjano, haina maana kwa asiyefundishwa. Wapo walioiona wakadhani ni feni au propela. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililikubali hilo. Lilitengeneza alama nyingine, likaipima kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, na mwaka 2007 likaitoa: pembetatu nyekundu, mionzi ikishuka kutoka juu, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia na mshale wa kumwonyesha njia. Haina neno hata moja. Imewekwa kwa ajili ya vyanzo vikubwa, ndani ya mashine, pale ambapo aliyeifikia ameshaanza kufungua asichopaswa kufungua. Naipenda kwa sababu aliyeichora alimfikiria mtu mwenye bisibisi, si mtu mwenye shahada.

Baada ya siku ile ya lifti niliing'oa karatasi ya kona. Nikafunga mnyororo mwepesi mlangoni mwa lifti, wa kuvutwa kila mtungi unapopanda, nao ukabeba kibao. Nikaandika kwa Kiswahili, nikijiona nimefanya jambo: "Mtungi huu ukivuja, hewa ya humu haitakutosha, na hutajua. Subiri zamu nyingine."

Mama wa usafi alipita na ndoo, akasimama, akakisoma kibao taratibu.

"Hutajua nini, Mwalimu?"

Nikaanza kumweleza habari za hewa ukaa na damu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Si uandike kwamba mtu anazimia?"

Nikafuta, nikaandika: "Utazimia kabla hujasikia kitu." Akasoma tena, akatikisa kichwa.

"Na ukishushe," akasema. "Sisi tunaingia na ndoo, tunaangalia chini."