Feni belti ikilia, usiinyamazishe kwa sabuni

Tulikuwa watano ndani ya Noah ya baba mdogo, tukitoka Isaka kwenda Shinyanga mjini. Shangazi alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi minane, ambaye homa yake ilikuwa haijashuka tangu juzi. Gari lilikuwa likilia kila asubuhi kwa wiki tatu, mlio mkali kama wa filimbi, kisha linanyamaza. Alfajiri ile lililia tena. Kijana mmoja akafungua boneti, akaipaka belti sabuni ya kipande, mlio ukakoma. Tukaondoka.

Tulipita njia panda ya Tinde, na kabla hatujafika mbali taa nyekundu ya betri ikawaka. Usukani ukawa mzito, mshale wa joto ukaanza kupanda. Baba mdogo akaegesha pembeni na kuzima injini. Belti ilikuwa imekatika.

Tulisimama juani karibu saa nzima, malori ya masafa marefu yakitupita kwa kasi, mpaka Hiace moja ikasimama na kumchukua shangazi na mtoto. Alikuwa na malaria, akatibiwa, akapona. Lakini kwa mtoto wa umri ule mwenye malaria, saa moja si kitu kidogo.

Kila mara tunawaambia wazazi kwamba kushusha homa si kutibu ugonjwa. Ukimpa mtoto dawa ya homa na kuishia hapo, chanzo kinabaki mwilini. Mlio wa belti nao ni hivyo hivyo.

Kazi ya belti

Belti huchukua nguvu ya injini na kuzungusha vifaa vingine: alteneta inayochaji betri, pampu ya usukani, kompresa ya AC na, katika magari mengi, wota pampu inayozungusha maji ya kupoza injini. Ndiyo maana ilipokatika, vitu vitatu viliharibika kwa pamoja mbele ya macho yetu.

Kuna belti nyembamba zenye umbo la V, na kuna belti pana zenye mifereji, ambazo moja huweza kuzungusha vifaa vyote. Usiichanganye na taimingi belti. Hiyo hufichwa ndani ya kifuniko, na ina ratiba yake ya kubadilishwa.

Sikiliza mlio

Mlio mrefu na mkali, hasa unapowasha gari au kukanyaga mafuta, mara nyingi maana yake belti inateleza juu ya puli. Huenda imelegea, imechakaa, imelowa mafuta au maji ya rejeta, au kuna puli nzito kuzunguka. Washa taa kubwa na AC, kisha zungusha usukani gari likiwa limesimama. Mlio ukizidi unapoongeza mzigo, dalili za kuteleza zinapata nguvu.

Mlio mfupi wa kukatikakatika, kama kifaranga, kwa kawaida hutokana na puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, au mifereji iliyojaa vumbi. Kwa barabara zetu za vumbi za kiangazi, hilo si ajabu.

Sauti ya kunguruma au kukwaruza ni jambo jingine. Shuku beringi ya alteneta, ya wota pampu au ya tenshena, yaani kile kifaa kinachoikaza belti. Hapo kubadilisha belti peke yake ni kupoteza fedha.

Mlio wa sekunde chache asubuhi yenye unyevu, ukaisha na usirudi, hauna haja ya kukutisha. Unaorudi kila siku ndio wa kupeleka gereji.

Ukaguzi unaoweza kufanya nyumbani

Zima injini, toa funguo, subiri ipoe. Watoto wakae mbali. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na kidole kinachonasa kati ya belti na puli kinaweza kukatika. Kama umevaa khanga au kitenge, funga vizuri.

Kwa tochi, tazama belti pande zote. Nyufa, nyuzi zilizochomoza, mifereji iliyomeguka, au pembeni kunakong'aa kama kioo ni dalili kwamba muda wake umekwisha. Belti nyingi za kisasa huchakaa mifereji bila kupasuka, kwa hiyo kutoona nyufa si uthibitisho kwamba ni nzima.

Kwa belti ya V, bonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ikishuka karibu sentimita moja, kwa magari mengi hiyo ni sawa. Belti pana yenye tenshena inayojikaza yenyewe haipimwi hivyo, mwachie fundi.

Sabuni si tiba

Sabuni, grisi na dawa za kupulizia huondoa sauti kwa muda tu. Grisi na mafuta huiharibu belti na kuzidi kuitelezesha, na hali ikizidi kuwa mbaya, hakuna mlio wa kukuonya.

Kukaza kupita kiasi nako ni kosa. Mlio utaisha, lakini beringi za alteneta na wota pampu zitakufa mapema, nazo ni ghali kuliko belti.

Mwombe fundi atafute chanzo kwanza. Kama kuna mafuta au maji yanayovuja juu ya belti, uvujaji uzibwe kabla ya kufunga mpya. Kila puli izungushwe kwa mkono, belti ikiwa imetolewa, kusikia beringi inayokwaruza.

Dukani, nenda na belti ya zamani au namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Ukiona 6PK, 6 ni idadi ya mistari kati ya mifereji, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Iliyo karibu na hiyo haitoshi. Ya mtumba usinunue. Hujui imetembea kilomita ngapi.

Ikikatika njiani

Taa ya betri ikiwaka ghafla na usukani ukawa mzito, punguza mwendo, toka barabarani, zima injini. Kuendelea kidogo tu huku injini ikichemsha kunaweza kuunguza gasketi. Weka pembetatu za tahadhari, washushe watoto upande usio wa barabara, wasimame mbali na gari.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yana mgandamizo na huruka usoni. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Baba mdogo sasa ana belti ya akiba chini ya kiti, pamoja na spana za kuifungia. Sabuni imerudi bafuni.