Nasaba huanzia vinywani mwa wazee, mtandao hufuata

Mojawapo ya mazoezi ninayowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza katika somo la isimujamii ni kuandika majina ya wazazi wa wazazi wao hadi kizazi cha nne, na kueleza maana ya kila jina. Kwa sura, zoezi hilo ni jepesi. Hata hivyo, majibu ninayoyapokea hunitia wasiwasi mwaka nenda mwaka rudi. Wengi hufika kwa babu wakakwama. Wachache humfikia baba yake babu. Ama wanaomjua mama aliyemzaa nyanya yao, hao ni adimu kama maziwa ya kuku. Nikiwauliza walikotafuta, takriban wote hunipa jibu moja: mtandaoni. Waliandika jina la ukoo kwenye simu, hawakuambulia kitu, wakahitimisha kwamba ukoo wao hauna historia.

Hitimisho hilo ni la hatari, na ndilo ninalokusudia kulipinga katika makala haya. Sina ugomvi na mtandao. Nautumia kila siku, na hapa chini nitaeleza hazina zilizomo. Ninachodai ni kwamba nasaba ya Mkenya haina budi kuanzia vinywani mwa wazee, kisha ndipo itafutwe kwenye tovuti. Anayeufuata mpangilio huo kinyumenyume hurudi mikono mitupu, na wakati anapotambua kosa lake, mzee aliyekuwa na jibu huenda amekwisha kufukiwa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtandao hauna chochote isipokuwa kile ambacho mtu fulani aliwahi kukiandika, na mwingine akakitia humo. Nchini Uingereza, makanisa yaliamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na mazishi tangu 1538. Mwingereza anayetafuta wahenga wake ana karatasi za karibu karne tano. Kwetu, usajili wa vizazi na vifo vya Waafrika haukuenea nchini kote hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Kipande, kilichotokana na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliwaandika wanaume pekee, na lengo lake lilikuwa kudhibiti wafanyakazi, si kuhifadhi nasaba. Mwanamke wa wakati huo hakuandikwa karibu popote, ila pale alipobatizwa au kufikishwa mahakamani. Je, ni ajabu gani basi kwamba simu haimjui?

Hebu tutazame mfano unaojulikana ulimwenguni kote. Katika kitabu chake Dreams from My Father, kilichochapishwa 1995, Barack Obama anasimulia jinsi alivyofika Siaya, akaketi na Mama Sarah, mmoja wa wake za babu yake, Hussein Onyango. Bibi huyo alimsimulia historia ya ukoo katika Kijaluo, naye Auma, dada yake Obama, akawa mkalimani. Baada ya masimulizi hayo marefu ndipo nyaraka chache zilipotolewa: kitabu kidogo cha usajili wa watumishi wa nyumbani, kilichotolewa chini ya sheria ya 1928, ambamo waajiri wa Kizungu waliandika maoni yao juu ya Onyango; pamoja na barua ambazo baba yake Obama aliviandikia vyuo vya Marekani akiomba nafasi ya masomo. Kitabu hicho peke yake kingetueleza nini? Kingetuonyesha mpishi mwenye sifa kadhaa machoni pa bwana wake, basi. Ni simulizi la Mama Sarah lililomrudishia mtu yule wake zake, watoto wake, hasira zake na safari zake. Mama Sarah aliaga dunia Machi 2021. Lau mjukuu yule angesubiri hadi mwaka huo, angebaki na karatasi tu.

Sasa, mtu amhoji mzee vipi? Kwanza, asianze kwa kuuliza mwaka. Mzee ambaye hakuhesabu maisha yake kwa kalenda atatoa tarehe yoyote ili kumridhisha mgeni. Ni bora kumuuliza kuhusu matukio. Mama yake alizaliwa kabla au baada ya njaa kuu ya 1898 na 1899, ile Wagikuyu wanayoiita Ng'aragu ya Rũraya? Reli, iliyofika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ilikuwa imekwisha kupita? Ni nani aliyekuwa chifu? Yeye mwenyewe alikuwa na umri wa kuchunga mbuzi au wa kuoa Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952? Kwa maswali kama haya, tarehe hujitokeza zenyewe.

Pili, mhojiwa aachwe azungumze lugha yake ya mama, na sauti irekodiwe kwa simu jinsi ilivyo. Tafsiri ifanywe baadaye. Nasema hivi nikiwa mwanaisimu: mara tu mzee anapolazimishwa kusema kwa Kiingereza, uhusiano wa kiukoo hupotea. Kiingereza hutumia neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, ilhali katika koo zetu tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anarithi nini na nani anaweza kumwoa nani. Kiswahili chenyewe kina mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Lugha haiundi maneno ya kuhesabu vizazi vingi namna hiyo isipokuwa wasemaji wake walikuwa na haja ya kuvihesabu.

Tatu, akina nyanya wahojiwe kando. Wanaume wengi hutiririsha majina ya kiumeni kama maji, lakini ukiwauliza waliooa wapi, hunyamaza. Upande wa kikeni umehifadhiwa na wanawake.

Fauka ya hayo, majina yenyewe ni nyaraka kwa anayejua kuyasoma. Kwa desturi ya Wagikuyu, mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Kwa hivyo, mtu akiyapata majina ya ndugu wanne kwa mpangilio wa kuzaliwa, amekwisha kuwapata babu na nyanya wote wanne. Miongoni mwa Wajaluo, Omondi alizaliwa alfajiri, Otieno usiku, na Okoth wakati wa mvua. Opiyo na Odongo ni pacha, na anayekutana na Opiyo kwenye orodha hana budi kumtafuta mwenzake. Mkamba aitwaye Wambua au Mumbua naye ametuachia habari za mvua ya siku aliyozaliwa.

Wanandi nao wana marika saba yanayozunguka, kila moja likichukua takriban miaka 15. Ukijua babu yako alikuwa wa rika la Maina au Nyongi, umepata kipindi chake. Lakini tahadhari: kwa kuwa duara zima huchukua zaidi ya miaka 100, jina lile lile la rika hurejea. Mtafiti asiyeuliza zaidi anaweza kumtupa mhenga wake karne nzima nje ya wakati wake.

Mwanafunzi aliyekwisha kukusanya majina, mahali na matukio ndiye aliye tayari kuufungua mtandao. Aanzie wapi?

Hazina ambayo aghalabu hupuuzwa ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa 1899 na ambalo matoleo yake mengi sasa yanasomeka mtandaoni bila malipo. Wengi wanadhani humo mna uteuzi wa wakubwa tu. La hasha! Matoleo yake yamejaa matangazo ya mirathi, ambapo hutajwa jina la marehemu, kijiji chake, mahali na tarehe aliyofariki, pamoja na jina la anayeomba kusimamia mali na uhusiano wao. Humo pia mna matangazo ya watu waliobadilisha majina na waliopoteza hati za mashamba. Sambamba na gazeti hilo kuna tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu za mahakama zetu husomwa bure. Kesi za mirathi na ardhi mara nyingi hueleza marehemu alikuwa na wake wangapi, kila nyumba ilizaa akina nani, na shamba lilitoka kwa nani. Inasikitisha kwamba ugomvi ndio uliozifanya familia nyingi ziandikwe, lakini maandishi ni maandishi.

Makavazi yetu ya Kitaifa, yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1965 na yaliyo katikati ya jiji la Nairobi, yanahifadhi ripoti za wakuu wa wilaya na majimbo ambazo hutaja machifu, koo na mabaraza ya wazee. Makavazi ya Kitaifa ya Uingereza yaliyoko Kew, London, nayo yana orodha inayoweza kutafutwa mtandaoni. Humo mna kumbukumbu za kikoloni zilizosafirishwa kwa siri kutoka makoloni mbalimbali, Kenya ikiwemo, na ambazo zilianza kufunguliwa kwa umma 2012, baada ya wazee wetu waliopigania uhuru kuishtaki serikali ya Uingereza. Orodha husomwa bure, ingawa faili nyingi zenyewe bado hazijatiwa mtandaoni. Kwa anayetaka kuuchora mti wa ukoo wake, tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa moja la Utah, Marekani, haitozi ada, na wahusika wake wamekuwa wakirekodi nasaba simulizi katika nchi kadhaa za Afrika.

Tukumbuke hata hivyo kwamba kutoonekana kwenye orodha si kutokuwepo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ya majina ya waliofia vitani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walifariki katika vita vya 1914 hadi 1918, na mtaa wa Kariakor jijini Nairobi umeubeba jina la kikosi chao hadi leo. Mnamo Aprili 2021 ripoti ya tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Basi kitukuu cha mpagazi asipoliona jina la mhenga wake, asidhani kwamba nyanya yake alimdanganya.

Jambo jingine ni tahajia. Maafisa wa kikoloni waliandika majina yetu kama masikio yao yalivyoyapokea. Olonana wa Wamaasai akawa Lenana. Kinyanjui akawa Kinanjui. Anayetafuta jina moja ajaribu sura zake zote: abadilishe l na r, k na g, b na p, ch na sh, katika majina ya Kigikuyu, ajaribu e mahali pa i na o mahali pa u. Tovuti nyingi pia hudai jina la ukoo lisilobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Sisi wengi hatuna jina la namna hiyo. Tusikubali kuukunja ukoo ili uingie katika fomu; maelezo ya ziada yaandikwe pembeni.

Kadhalika, si kila kilichosemwa na mzee ni cha kuanikwa mbele ya kadamnasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu walio hai, na adabu ililinda siri za ukoo kabla ya sheria hiyo kutungwa. Wanaokimbilia vipimo vya DNA wafikiri mara mbili: kampuni ya 23andMe ya Marekani ilidukuliwa 2023, habari za wateja wapatao milioni 6.9 zikafikiwa, kisha ikaomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025.

Najua wapo watakaouliza: baada ya yaliyotupata mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, je, ni busara kuwahimiza vijana wachimbe asili zao? Si huko ni kuchochea ukabila? Naiheshimu hofu hiyo, lakini ushahidi nilioukusanya katika taaluma yangu unaonyesha kinyume chake. Anayejua jina la kabila lake tu ndiye anayedanganyika kwamba damu yake ni moja. Anayezijua nasaba zake hukutana na Wasuba, ambao ni Wabantu waliohamia lugha ya Kijaluo. Hukutana na nyanya wa Kimaasai katika boma la Kigikuyu. Hukutana na watu wa Frere Town, Mombasa, makao yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya waliookolewa utumwani, ambao asili zao zilitoka sehemu nyingi za bara. Ni vigumu kumfukuza jirani baada ya kugundua kwamba mna nyanya mmoja.

Nawasihi walimu wenzangu walitie jambo hili madarasani. Kazi mradi ya muhula mmoja yatosha: kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja wakati wa likizo, arekodi sauti, aandike majina na maana zake, kisha athibitishe angalau jambo moja kwa karatasi au kwa mtandao. Nakala moja ibaki nyumbani na nyingine shuleni, kwa idhini ya mwenye simulizi. Wapo watoto wasiojua jamaa zao, na hao waruhusiwe kumhoji mzee yeyote wa kijiji bila kuulizwa maswali. Likizo ya Desemba, jamaa wanaporejea mashambani, ndiyo fursa bora zaidi. Penye wazee hapaharibiki neno, walisema wahenga, lakini lazima wazee wenyewe wawe bado wapo.