Mshauri wa uchumi hulipwa kwa kazi gani? Fahamu kupitia safari ya Michael Porter

Ukisikia serikali imeajiri mshauri wa "ushindani wa kiuchumi", huenda unajiuliza: huyo mtu anafanya nini hasa? Jibu lipo kwenye safari ya Michael Porter, profesa wa Harvard ambaye mawazo yake yametumika sana kwenye kazi hiyo.

Alianzia wapi?

Porter, Mmarekani aliyezaliwa 1947, hakuanza na uchumi. Digrii yake ya kwanza, kutoka Princeton, ni ya uhandisi wa ndege na mitambo. Baadaye akasomea biashara Harvard na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1973.

Mwaka 1983 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya ushauri ya Monitor. Mwaka huohuo Rais Ronald Reagan akamteua kwenye tume ya ushindani wa viwanda. Kitabu chake cha 1990, The Competitive Advantage of Nations, kilichochunguza nchi 10, kikamfanya atafutwe na serikali nyingi.

Wazo lake ni lipi?

Chukua Sassuolo, mji wa Italia unaosifika kwa vigae. Viwanda vya vigae viko jirani na vinashindana kila siku. Karibu yao wapo watengenezaji wa mashine na tanuri. Mmoja akibuni kitu leo, jirani hataki kuachwa nyuma. Hilo linaitwa kongano.

Kwa hiyo mshauri haleti kiwanda kutoka hewani. Anatafuta kile ambacho eneo tayari linakiweza, kisha anawakalisha meza moja wazalishaji, benki, vyuo na serikali.

Rwanda ilifanyaje?

Rwanda ni miongoni mwa nchi alizozishauri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kahawa yake nyingi iliuzwa bei ya chini kwa sababu ya ubora hafifu. Serikali, wafadhili na vyama vya wakulima wakaongeza vituo vya kuoshea kahawa. Mwaka 2008 ikawa nchi ya kwanza Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence.

Sifa hizo si za mshauri. Waliochuma na kuchambua kahawa ni wakulima.

Kazi hii ina hatari gani?

Mwaka 2006 Monitor, Porter akiwemo, iliandaa ripoti kuhusu uchumi wa Libya ya Muammar Gaddafi. Kampuni ikaenda mbali zaidi: ikalipwa kusafisha sura ya utawala huo nje ya nchi. Mwaka 2011 ilikiri kwamba sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kosa. Novemba 2012, ikiwa imelemewa na madeni, iliomba kufilisiwa, kisha ikanunuliwa na Deloitte.

Wakija kwenu, uliza haya

Nani anawalipa? Ripoti itawekwa wazi? Wamekaa na wakulima na wafanyabiashara wadogo, au waliishia ofisini kwa wakubwa? Mshauri ataondoka na malipo yake. Wanaobaki na matokeo ni nyinyi.